Mtoto Amevushwa Ruvuma: Mwongozo Kamili kwa Mzazi Aliyebaki Mtwara au Lindi

Mwongozo huu ni wa mama au baba ambaye mtoto wake ametoroshwa nje ya nchi na mzazi mwenzake, au aliyemruhusu mtoto aende likizo na hakurudishwa. Nimeuandika nikiwafikiria zaidi watu wa Nanyamba, Tandahimba, Newala, Masasi na Nanyumbu, na ndugu zao wa Lindi, kwa sababu huku kwetu kwenda nje ya nchi mara nyingi ni kuvuka mto Ruvuma tu na kuingia Msumbiji. Wamakonde wako Newala na wako Mueda. Wamakua wako Masasi na wako mikoa ya Cabo Delgado hadi Nampula kule Msumbiji. Wapo watu wenye shamba la korosho upande huu na makaburi ya babu zao upande ule. Watu wanaoana kuvuka mto, na ndoa ikivunjika mmoja hurudi kwao, wakati mwingine na mtoto mgongoni.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo moja, maana wengi hulijua wakiwa wamechelewa: shauri la mtoto huishia kuamuliwa pale mtoto alipo. Amri uliyopewa na mahakama ya Mtwara haina nguvu yenyewe ukifika Mueda au Pemba (mji mkuu wa Cabo Delgado, si kisiwa cha Pemba). Askari wa kule hafungwi nayo. Itakusaidia sana, lakini kama ushahidi mbele ya hakimu wa kule. Kwa hiyo tangu wiki ya kwanza fanya kazi pande mbili, jalada moja hapa na jingine kule, na usisubiri moja limalizike ndipo uanze la pili.

Kwa nini ni vigumu

Duniani upo mkataba uliotungwa kwa ajili ya tatizo hili hili, Mkataba wa The Hague wa tarehe 25 Oktoba 1980 kuhusu utoroshaji wa watoto kutoka nchi moja kwenda nyingine. Nchi zaidi ya 100 zimo. Kati ya nchi hizo, mtoto wa chini ya miaka 16 akitoroshwa, mahakama ya nchi alikopelekwa haianzi kuuliza nani mzazi bora. Inauliza kama aliondolewa kinyume na haki ya malezi katika nchi alikokuwa akiishi. Ikiwa ndivyo, anarudishwa, kisha mabishano ya malezi yanafanyika nyumbani. Kila nchi ina ofisi maalumu ya kupokea maombi, na mahakama inatarajiwa kutoa uamuzi ndani ya wiki 6. Mzazi akifungua shauri kabla mwaka 1 haujapita, kurudishwa ndiyo kanuni, isipokuwa kwa sababu chache kama hatari kubwa kwa mtoto.

Tanzania haimo katika mkataba huo. Msumbiji haimo. Kenya na Malawi hazimo. Afrika Kusini, Zambia na Zimbabwe zimo, lakini mkataba unafanya kazi kati ya wanachama, kwa hiyo mtoto akipelekwa Johannesburg kutoka Lindi bado huwezi kuutumia. Ukikutana na mtu anayekuomba fedha ili "akujazie fomu za The Hague" dhidi ya mtu aliye Msumbiji, ondoka.

Tulicho nacho ni mikataba mipana zaidi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, kifungu cha 11, unazitaka nchi zipambane na uhamishaji haramu wa watoto na kutorudishwa kwao. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 unakwenda mbali zaidi: kifungu cha 29 kinazitaka nchi zizuie utekaji wa watoto unaofanywa na mtu yeyote, na kinawataja wazi wazazi na walezi. Tanzania na Msumbiji zimeridhia yote miwili. Udhaifu wake ni kwamba inazipa serikali wajibu bila kukupa wewe ofisi ya kupeleka ombi wala muda ambao lazima ujibiwe. Hata hivyo itaje katika maombi yako ya pande zote mbili. Ni lugha ya sheria ambayo hakimu wa Mtwara na hakimu wa Pemba wote wanaitambua, na mambo ya namna hiyo ni machache.

Kikwazo cha pili kinawaumiza watu zaidi kwa sababu hawakitegemei. Kama hakuna amri ya mahakama, wazazi wote wawili wana haki juu ya mtoto, na aliyevuka naye hajavunja amri yoyote. Ndiyo maana ukifika kituoni unaweza kuambiwa ni ugomvi wa kifamilia. Usimwone askari kuwa adui. Mlete kwenye jambo analoweza kulifanyia kazi: taarifa ya mtoto asiyejulikana alipo, kisha amri ya mahakama mara tu utakapoipata.

Cha tatu ni mfumo wa sheria. Sheria zetu zimetokana na za Waingereza, za Msumbiji zimetokana na za Wareno. Kule mahakama inaendeshwa kwa Kireno, na hukumu ya nchi nyingine lazima ikaguliwe na kuthibitishwa na mahakama ya ngazi ya juu kabla ya kutekelezwa.

Cha nne ni muda wenyewe. Mtoto wa miaka minne akikaa mwaka mmoja Montepuez, huko Cabo Delgado, atakuwa na marafiki, shule ya awali na bibi anayemzoea. Hakimu wa nchi yoyote husita kumng'oa tena. Sheria yetu wenyewe inamtaka hakimu afikirie madhara ya kumhamisha mtoto mara kwa mara. Kila mwezi unaopita unamjengea hoja mwenzako.

Hatua ya 1: Siku za mwanzo

Nenda kituo cha polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, siku hiyo hiyo. Toa taarifa na usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi. Peleka picha ya karibuni ya mtoto, tarehe ya kuzaliwa, alama za mwilini, nguo alizovaa, jina la mzazi aliyemchukua na namba zake zote za simu, pamoja na zinazoanza na +258 kama ana laini ya Msumbiji. Kama huwezi kufika kituoni, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure. Watakuunganisha na ustawi wa jamii wa halmashauri yako.

Kisha ofisi ya Ustawi wa Jamii. Wengi huiruka wakidhani ni ya watoto wa mitaani, na hapo wanakosea. Mahakama ikipokea shauri la malezi humwagiza afisa ustawi achunguze mazingira ya mtoto na kuandika taarifa. Akikufahamu mapema, akaja nyumbani, akaona kitanda cha mtoto na daftari zake, taarifa hiyo itakuwa na uzito.

Ikiwa unaamini bado hawajavuka, wahi Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa, Mtwara au Lindi, ukiwa na RB na cheti cha kuzaliwa. Waombe wavijulishe vituo vya mpakani. Vilivyo rasmi kwetu vinajulikana: Kilambo, unakopanda kivuko kwenda upande wa Palma, na Mtambaswala wilayani Nanyumbu, penye Daraja la Umoja lililofunguliwa 2010, ng'ambo yake ni Negomano katika wilaya ya Mueda. Lakini Ruvuma ina vivuko vya mitumbwi vingi, na anayetorosha mtoto hapendi kugongewa muhuri. Mpigie simu mwenyekiti wa kijiji cha mtoni unakodhani watapitia, na mtendaji wa kata. Taarifa ya mwenye mtumbwi kwamba alivusha mama na mtoto wa kike asubuhi fulani, ikiandikwa na mtendaji na kugongwa muhuri, ni ushahidi wa tarehe na njia. Itakufaa miezi mingi baadaye.

Hatua ya 2: Karatasi

Hapa ndipo mashauri mengi ya kwetu hukwama.

Cha kwanza ni cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, chenye majina ya wazazi wote wawili. Kama mtoto hana, anza kukifuatilia leo. Kadi ya kliniki na tangazo la kizazi vitakusaidia kukipata. Baba ambaye hakufunga ndoa na jina lake halimo kwenye cheti ana kazi ya ziada: lazima athibitishe kuwa ni baba. Anaweza kuiomba mahakama itambue ubaba wake kwa ushahidi wa matunzo aliyotoa na jinsi jamii ilivyomjua, au iagize kipimo cha vinasaba (DNA), ambacho hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali.

Ndoa nayo ina karatasi zake: cheti cha ndoa ya kiserikali, cha msikitini au kanisani. Kama mliishi pamoja bila cheti, usikate tamaa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inawadhania kuwa mume na mke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawajua hivyo. Barua ya mwenyekiti wa kitongoji na majirani wawili watakaoapa inaanza kujenga hoja hiyo.

Halafu kusanya kila kinachoonyesha kwamba maisha ya mtoto yalikuwa hapa: rejesta ya shule, kadi ya chanjo, risiti za sare, miamala ya simu uliyolipia matunzo, picha zenye tarehe. Ujumbe wa WhatsApp usiufute hata kama unakuuma kuusoma. Sauti aliyotuma mwenzako akisema "mtoto hutamwona tena" ni ushahidi, na simu yenyewe italetwa mahakamani, kwa hiyo itunze. Andika pia historia fupi ya ukurasa mmoja, yenye tarehe, bila matusi. Hiyo hiyo itatumika polisi, ustawi, mahakamani, ubalozini na kwa wakili wa kule.

Karatasi zitakazovuka mpaka zina mlolongo wake. Nakala iliyothibitishwa hupigwa muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Msumbiji Dar es Salaam, na hutafsiriwa kwa Kireno na mtafsiri anayekubalika. Panga gharama hii tangu mwanzo, na tafsiri kwanza zile chache za lazima: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, amri ya mahakama na RB.

Hatua ya 3: Fungua shauri hapa

Shauri la malezi linafunguliwa Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Kwa kawaida hukaa kwenye majengo ya mahakama ya wilaya au ya mwanzo na husikilizwa na hakimu mkazi. Kama pia unaomba talaka au kutengana, shauri linaweza kufunguliwa kama la ndoa, na hapo itabidi upitie kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Kama shida yako kubwa ni mtoto, usianze na talaka. Utapoteza wiki kwenye baraza mwenzako akiwa hayupo. Anza na maombi ya malezi.

Omba mambo manne kwa pamoja, yaliyoungwa mkono na kiapo chako: amri ya malezi, amri ya muda wakati shauri linaendelea, zuio la kumtoa mtoto nchini au kumhamisha tena, na agizo kwamba arudishwe ndani ya siku zitakazotajwa. Weka hati ya dharura ili amri ya muda iweze kusikilizwa upande mmoja kabla mwenzako hajapatikana. Sheria ya Ndoa nayo inaipa mahakama uwezo wa kumzuia mzazi kumpeleka mtoto nje ya Tanzania, hasa kunapokuwa na shauri la ndoa mahakamani au amri ya malezi iliyokwisha kutolewa. Shauri likikwama au likikataliwa, rufaa zinaelekea Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara, inayohudumia mikoa yote miwili.

Hakimu atatazama ustawi wa mtoto kuliko madai ya wakubwa. Atataka kujua umri, jinsia, maoni ya mtoto kama anaweza kujieleza, na nani amekuwa akimlea. Kuna dhana ya kisheria kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vema akae na mama, lakini inaweza kupinduliwa kwa ushahidi. Baba usiogope dhana hiyo, na mama usiitegemee peke yake.

Sasa jambo ambalo mawakili wachache huwaambia wateja wao. Hakikisha mwenzako amepewa taarifa ya shauri, na kwamba jalada linaonyesha hivyo. Mahakama ya Msumbiji ikiletewa hukumu ya Tanzania, moja ya maswali ya kwanza itakayouliza ni kama mtu huyu aliitwa na kupewa nafasi ya kujitetea. Hukumu iliyopatikana kimya kimya, yeye akiwa Mueda hajui lolote, inaweza kukataliwa hata kama ina haki ndani yake. Kama wito hauwezi kumfikia kwa njia ya kawaida, iombe mahakama iruhusu njia mbadala, kwa mfano kupitia ndugu zake walioko Tanzania au kwa njia ya simu, na tunza uthibitisho.

Huna fedha za wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, nao wapo kwenye wilaya. Muulize afisa ustawi au ofisi ya halmashauri. Msaidizi wa kisheria hawezi kusimama mahakamani kama wakili, lakini atakuandalia nyaraka na kukuelekeza, na pengine ndiyo huduma utakayoihitaji zaidi.

Hatua ya 4: Wazee, kabla ya hakimu wa ng'ambo

Nakaa hapa kidogo, kwa sababu kwetu hii ndiyo njia inayowarudisha watoto wengi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi kwa haraka na hasira.

Katika mila za Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo umefuata upande wa mama, na mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake. Mama akivuka na mtoto kwenda kwa kaka zake, machoni mwa ukoo hajamtorosha mtu. Amemleta mtoto kwao. Baba anayekwenda kule na barua ya polisi anaonekana mvamizi. Vivyo hivyo, mtoto akichukuliwa kupelekwa jandoni au unyagoni upande wa pili kisha akabakizwa, ndugu wanaweza kuamini kwamba wametimiza wajibu. Sheria ya Mtoto haimpi mjomba mamlaka ya kumwondoa mtoto kwa mzazi, na mila haiko juu ya ustawi wa mtoto mbele ya hakimu. Lakini ukitaka mtoto arudi bila kilio, mjomba ndiye mtu wa kwanza kumtafuta.

Tuma mtu mzima anayeheshimika pande zote. Akienda, apitie kwanza kwa kiongozi wa kijiji au mtaa wa kule, au régulo, chifu wa kimila, ili safari yake ijulikane. Wewe mwenyewe, kama mgogoro una moto, baki nyumbani mara ya kwanza. Ujumbe uwe mfupi: nani mtoto aishi naye wakati wa shule, lini amwone mzazi mwingine, nani atalipa nini. Usiruhusu mazungumzo yarudi kwenye mahari, zinaa au deni la shamba.

Mkikubaliana, msiishie kupeana mikono. Andikeni kwa Kiswahili na Kireno, mtie saini mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, kisha kila mzazi aupeleke mkataba mahakamani upande wake uwe amri ya maridhiano. Makubaliano ya wazee yasiyo mahakamani hufa siku mzazi mmoja atakapooa au kuolewa upya. Makubaliano yaliyo mahakamani pande zote mbili ndiyo kitu kilicho karibu zaidi na mkataba wa kimataifa ambacho mtu wa kawaida anaweza kujitengenezea mwenyewe.

Weka mwisho wa mazungumzo. Kama wiki sita zimepita na unaambiwa "subiri mavuno", nenda hatua inayofuata huku mazungumzo yakiendelea.

Hatua ya 5: Jalada la ng'ambo

Una njia mbili za mahakama Msumbiji. Ya kwanza ni kuomba hukumu ya Tanzania ikaguliwe na kuthibitishwa. Inachukua muda, na inafaa zaidi kama una hukumu ya mwisho. Ya pili ni kufungua shauri jipya la malezi katika mahakama ya mkoa au wilaya mtoto alipo, ukiambatanisha amri ya Tanzania kama ushahidi. Kwa mtoto mdogo na shauri jipya, mimi ningeanza na ya pili. Hakimu wa kule atakuwa analiamua lake, chini ya sheria yake, na amri atakayotoa polisi wa kule wataitekeleza.

Watakaokusaidia kule: IPAJ, taasisi ya serikali ya Msumbiji inayotoa wakili na ushauri kwa wasio na uwezo. Ofisi ya mwendesha mashtaka, wanayoiita Procuradoria, ambayo kikatiba ina kazi ya kulinda maslahi ya watoto mahakamani. Vitengo vya polisi vinavyoshughulikia familia na watoto waliodhulumiwa. Na simu ya watoto ya Msumbiji, Linha Fala Criança, ambayo namba yake nayo ni 116. Ukiwa na wasiwasi kuhusu hali ya mtoto, mtu wako aliye kule apige.

Ubalozi wa Tanzania Maputo nao uuandikie mapema, kupitia Wizara ya Mambo ya Nje. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu huduma za kibalozi unawapa maofisa wa ubalozi kazi ya kulinda maslahi ya watoto wa taifa lao. Wanaweza kuomba kumtembelea mtoto, kukupa orodha ya mawakili, kufuatilia jalada na kutoa hati ya safari akiruhusiwa kurudi. Hawawezi kumchukua. Na kama mtoto ana mzazi Mmsumbiji, kule anahesabiwa Mmsumbiji, jambo linalopunguza sauti ya ubalozi. Sheria yetu inamvumilia mtoto mwenye uraia pacha hadi afikishe miaka 18, kwa hiyo usiogope kumtaja kuwa Mtanzania.

Kama hujui mtoto alipo kabisa, waombe polisi wapitie ofisi ya Interpol, ushirika wa polisi wa kimataifa, ya Dar es Salaam kuomba tangazo la njano, linalotumika kutafuta watu waliopotea, hasa watoto. Ni tangazo la kumtafuta. Halimkamati mzazi wala halimrudishi mtoto.

Kuna hali inayobadilisha kila kitu. Kama unapata habari kwamba mtoto hakai na mzazi bali amekabidhiwa kwa watu kufanya kazi za ndani, biashara au machimbo, huo si mgogoro wa malezi tena. Ni usafirishaji haramu wa binadamu, tuna sheria yake ya 2008, na polisi wa nchi mbili wana njia za kushirikiana ambazo hawana kwenye kesi ya malezi. Sema hivyo wazi kwenye taarifa yako, lakini kama ni kweli tu.

Yanayoharibu kesi

Kumrudisha mtoto kwa kumwiba. Naelewa hamu hiyo, na wapo watakaokuambia kwamba mtumbwi na shilingi laki mbili vinatosha. Utakuwa umevunja sheria ya kule, mtoto atakuwa ametoroshwa mara mbili, na hakimu atakayeamua malezi ataliona hilo kabla ya mengine yote. Kuna na jambo zito zaidi. Cabo Delgado imekuwa na mashambulizi ya wapiganaji tangu Oktoba 2017. Mocímboa da Praia na Palma zilivamiwa, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kwetu Mtwara nacho kilishambuliwa. Mtu anayevuka usiku kwenye njia za panya na mtoto asiye na karatasi anaweza kudhaniwa vibaya na askari wa upande wowote. Usimpitishe mtoto wako huko.

Hali hiyo ya usalama ni hoja halali pia mahakamani. Kama mtoto amepelekwa wilaya yenye mapigano au kambi ya waliohama makwao, eleza kwa kiapo, kwa tarehe na majina ya mahali. Usitie chumvi.

Kukimbilia mashtaka ya jinai nako kuna gharama. Mzazi akijua atakamatwa akivuka, hatavuka, na mtoto hatavuka naye. Jinai itumie pale kuna hatari ya kweli, au pale amri ya mahakama imedharauliwa. Na picha za mtoto kwenye makundi ya WhatsApp zikae siku za mwanzo tu, wakati wa kumtafuta. Akishajulikana alipo, ziondoe. Matusi uliyoandika chini yake yatasomwa mahakamani.

Kama wewe ndiye uliyevuka, au umeletewa mtoto

Wapo wanaovuka wakikimbia kipigo, na wengi wao ni akina mama. Kama ni wewe, kabla hujaondoka, au mara ufikapo, toa taarifa polisi, pata matibabu kwa fomu namba 3, PF3, na ufungue maombi ya malezi mwenyewe. Ukimya wako ndio utakaotafsiriwa kuwa utoroshaji.

Na ikiwa mtoto ameletwa Lindi au Mtwara kutoka nje, kisha mzazi wa kule amepata amri Maputo au London, amri hiyo hapa haitekelezwi moja kwa moja. Sheria yetu ya hukumu za nje imelenga hukumu za fedha, tena za nchi zilizoorodheshwa. Hakimu wetu ataipima kama ushahidi na kutazama ustawi wa mtoto. Mzazi aliyeko nje na afungue shauri hapa, kwa njia hizo hizo nilizozieleza, na mzazi aliyeko hapa asiitupe amri ile kana kwamba ni karatasi tupu.

Akirudi, na ziara zinazofuata

Mtoto akirudi, mpeleke kituo cha afya na kwa afisa ustawi ndani ya siku chache, arudi shule, na iarifu mahakama ili amri ya muda igeuzwe kuwa ya kudumu. Usimhoji maswali ya kipolisi. Aliyekuwa ng'ambo ni baba yake au mama yake.

Mzazi mwingine ataendelea kuwa na haki ya kumwona, na ukimnyima utaanza mgogoro upya. Kwa hiyo amri ya ziara iandikwe kwa undani: tarehe ya kwenda na ya kurudi, kivuko rasmi kitakachotumika, yaani Kilambo au Mtambaswala, nani anamkabidhi nani, namba za simu mbili za kila upande, na nakala ya amri itakayoonyeshwa Uhamiaji. Hati ya kusafiria ya mtoto ikae mahakamani au kwa afisa ustawi kati ya ziara moja na nyingine. Ziara ya kwanza na ya pili zifanyike upande huu, mzazi yule avuke yeye. Akirudi kwao kwa wakati na amani mara hizo mbili, omba mahakama iruhusu ya tatu iwe ya mtoto kuvuka, na mashahidi wale wale waliosaini makubaliano wawepo siku ya makabidhiano.